Nilivyotumwa Kuwauliza Akina Carruthers

Kila nikifika barzani mnanianza. "Haya Nassor, tuhadithie ya Uskoti." Nikifungua mdomo, huyu ananikata anataka kujua baridi, yule anataka kujua nimekula nini, na Uskoti wenyewe unabaki njiani. Basi nimekaa nikaiandika yote. Someni wenyewe, kisha mniache ninywe kahawa yangu. Habari za viza na tikiti siziandiki, aliyewahi kuomba viza anazijua na asiyewahi ana bahati yake.

Hail

Kwa asiyejua mwanzo wake: kaka yangu Hemed ana binti mmoja tu, Asya. Alisoma chuo kikuu cha Khoudh, sasa anafanya kazi kiwandani Rusayl, na huko ndiko alikokutana na Yusuf, mhandisi wa mitambo. Yusuf ni Mzungu, kasilimu miaka mingi kabla hajamjua Asya, na sisi wa msikiti wa Hail, hapa Maskati, tukifika alfajiri tunamkuta keshakaa safu ya mbele. Jina lake la ukoo ni Carruthers, na ukoo huo asili yake Uskoti.

Alipotuma neno kuwa anataka kuja kuposa, kaka hakuwa na kinyongo na kijana. Tatizo lake lilikuwa jengine. "Yeye tunamjua, watu wake hatuwajui," aliniambia. "Kesho akimkosea mtoto wangu, nimshitakie nani? Mashine za Rusayl?"

Mnajua wenyewe, kwetu posa haijibiwi mpaka mtu aulizwe. Na hamuulizi mwenyewe. Anakwenda mtu mzima wa upande wa mwanamke, kimya kimya, mpaka kwao, anauliza majirani na wazee. Wala huendi kumwambia mposaji akuelekeze, maana atakupeleka kwa wanaomsifu tu. Unashika jina la kabila, jina linakupeleka kwenye bilad yao, kijiji chao cha asili, na hapo hukosi mzee wa kukwambia fulani ni mtoto wa nani na baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa wakwe wote wa nyumba yetu, na mara zote imetosha.

Kaka akanitazama vile anavyonitazama tangu tukiwa wadogo. "Nassor, weye Kiingereza unakijua, na tangu ustaafu shirika la umeme huna kazi."

Siku ya kuondoka Asya alikuja nyumbani kwangu, nyumba ya tatu tu kutoka kwao, kaniletea soksi za sufi. Akakaa akizikunja zile soksi ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. "Ami," alinambia, "Baba akikataa, mie sitomvunjia neno lake. Lakini mtu mwengine simtaki tena, mjue kabisa." Hakulia, wala hakupandisha sauti. Ningependa angelia, ningejua la kumwambia. Nilichukua soksi zangu nikajua nimebeba nini.

Uwanja wa ndege, na bakuli la halwa

Mtu hendi kwa watu mikono mitupu. Shemegi yangu alinifungia halwa bakuli kubwa, ile nyeusi ya zafarani na lozi, kwa ajili ya wazee wa kina Carruthers. Mie kichwani nimeshawapanga: majlis moja pana, wazee watano sita wamekaa, mkubwa wao ananikaribisha, naweka halwa, tunaulizana habari, ndipo naingia kwenye maneno yangu. Hata salamu nilikuwa nimezifanyia mazoezi bafuni.

London wakaliona bakuli kwenye mashine. Kijana wa ukaguzi akaniuliza ni kitu gani. Nikamwambia halwa. Akalitikisa, halikutikisika. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, na wote watatu wakainama kuitazama halwa ya watu kama wanatazama maiti. Nikaomba kijiko. Nikala mbele yao, nikampa na yule mama, akasita, akaonja. Kisha akasema anataka kuonja tena ili ahakikishe. Alihakikisha mara tatu, Mungu amlipe heri, akalifunga mwenyewe kwa utepe imara kuliko aliofunga shemegi.

London mpaka Carlisle

Garimoshi lilikwenda vizuri mpaka katikati ya safari, tukasimama. Mti umeanguka kwenye reli. Tulikaa pale saa mbili na zaidi, nje mvua na ng'ombe. Nilidhani watu watagombana. Kumbe ndiyo kwanza wakaanza kusemezana. Mbele yangu alikuwa amekaa mwalimu mmoja mwanamke anakwenda kumtazama mama yake, akanipa nusu ya mkate wake wa jibini alipoona nimefungua begi nimekuta soksi tu. Nikafungua halwa. Bakuli likapita kiti hadi kiti, na mzee mmoja wa nyuma akalirudisha mwenyewe akiwa amevua kofia.

Yule mwalimu aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kwa kina Carruthers. "Wapi huko?" akauliza. Nikamwambia ndipo hapo, kwa kina Carruthers, kwao. Akanitazama kwa huruma, akanipa na nusu ya pili.

Carlisle ni mji wa Uingereza, karibu kabisa na mpaka wa Uskoti. Nililala hapo usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni, asubuhi nikala mayai na maharagwe, nikapanda garimoshi dogo la kuvuka mpaka. Kumbukeni kuwa nililala Carlisle. Mie nikikumbuka najicheka mpaka leo.

Kwenye bilad ya Carruthers

Mahali penye jina hilo papo kweli, nilipaona kwenye ramani ya simu. Basi ya kijijini ilinishusha njia panda, dereva akaninyoshea kidole kwenye kilima, akasema, "Kule, lakini kule hakuna kitu." Nikadhani anafanya hasada ya makabila.

Nilipanda kile kilima na bakuli langu. Upepo ulikuwa unataka kunivua koti, na kofia yangu ya kazi ya mkono niliishika kwa meno. Nikafika. Majani, ukuta wa mawe umebomoka, na kondoo. Nikazunguka nikitafuta mlango. Hapana mlango, hapana nyumba, hapana mzee hata mmoja. Mwishowe nikawatolea salamu kondoo, maana nilikuwa nimezibeba kutoka Maskati na nilikuwa nimechoka kuzibeba.

Mwenye shamba, mama mmoja mrefu wa viatu vya mpira, alikuja na gari kuniuliza kama nimepotea. Nikamweleza nimekuja kuwaamkia akina Carruthers. Akanifungulia mlango wa gari, akanipeleka jikoni kwake, akavua koti langu akalianika juu ya jiko. Alinipa supu, kisha akakumbuka, akaniuliza kama nyama ya nguruwe nala. Nikamwambia hapana. Akaimwaga ile supu yote, na sufuria akaiosha, akanikaangia mayai kwenye kikaango kipya alichokitoa kwenye boksi. Sikuomba hayo. Kila nikimkumbuka namwombea.

"Kijiji kilikuwepo," alinambia, "lakini kimekufa zamani sana. Babu yangu hakukikuta."

Nakwambieni kweli, moyo ulinianguka. Nikaona uso wa kaka: umekwenda mpaka kwao, umewakuta nani? Kondoo. Na nikamwona Asya anakunja soksi.

Ramani ya mzee wa maktaba

Yule mama hakuniacha hivyo. Alinipeleka mjini, kwenye maktaba ndogo, kwa mwalimu mstaafu anayejitolea kuwasaidia watu wanaotafuta asili zao. Mzee mfupi, mcheshi, masikio makubwa. "Weye ni Carruthers wa wapi?" aliniuliza, mie na weusi wangu na kofia yangu. Nikamwambia mie si Carruthers, ila kuna Carruthers mmoja anataka binti yetu, nimetumwa kuwauliza. Alicheka akakaa chini, akatoa leso. "Miaka yote wanakuja hapa wenyewe kujiuliza," alisema. "Hajaja hata mmoja kuulizwa."

Akanieleza. Jina lile lina neno la kale la ngome, ngome ya mtu fulani, kwa lugha iliyosemwa pale kabla ya Kiskoti na Kiingereza. Waliokaa hapo wakaitwa kwa jina la mahali. Mpaka ukiwa karibu, na wafalme wawili hawapatani, watu wa pande zote mbili waliishi kwa kuibiana ng'ombe. "Akina Carruthers nao?" nikauliza. "Sana," akasema kwa furaha. Nikaliweka hilo moyoni, nikijiuliza nitalifikishaje Hail. Kisha nikakumbuka babu zetu huko milimani walivyokuwa wakichukua ngamia za watu, nikaona bora ninyamaze.

Wafalme walipokuwa mmoja, wezi wa mpakani wakafukuzwa na kutawanywa. Jina likavuka bahari ndogo mpaka kaskazini ya Ireland. Wengine wakateremka nalo upande wa Uingereza. Baadaye likafuata meli: Kanada, Australia, New Zealand, migodini, mashambani, kwenye viwanda. Ukutani alikuwa na ramani ya dunia imechomwa pini, kila pini ni mtu wa ukoo ule aliyemjia au kumwandikia. Pale penyewe, kwenye ngome, hapakuwa na pini. Pini zote ziko kwengine.

Niliitazama ile ramani muda mrefu. Sikufikiri akina Carruthers. Nilikuwa nafikiri bilad yetu sisi, nyumba ya babu ya udongo iliyobaki kuta mbili, na sisi tuko wapi: Hail, Unguja, Mombasa, Dubai, na binamu yetu mmoja aliyeko Kanada huko huko kwa wale.

"Maskati sina pini," alisema mzee, akaichukua moja. Nikamshika mkono. "Subiri," nikamwambia. "Bado hajapewa."

Nilitoka nje nikampigia Asya, nikamweleza yote, kondoo na ramani. "Ami," akasema, "mie nilidhani Yusuf umemuuliza, anwani unayo. Yeye kwao si Uskoti, ukoo wao ulihama zamani. Shangazi yake aliyemlea yuko Carlisle."

"Carlisle?"

"Carlisle, Ami. Kuuliza si ujinga." Na akacheka, mtoto yule, kwa mara ya kwanza tangu posa ifike.

Carlisle tena

Nyumba ya Bi Jean ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka pale nilipolala na kula maharagwe. Ni bibi mwembamba, miguu imevimba, anatembea kwa fremu ya chuma, na macho yake yanakuchambua kama mchele. Asya alishampigia, kwa hiyo alinijua. Nikaweka bakuli mezani. Ndani yake ilibaki halwa ya kufunika chini tu, nikaona haya.

Nilijitayarisha kuuliza, sikupata nafasi. Bi Jean alianza yeye. Ndugu yangu ni mtu wa namna gani? Ana hasira? Anampiga mtu? Mama wa binti je, anamtaka kijana au anamvumilia? Akiumwa huko atatazamwa na nani? Nilijibu kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Nilipopata pumzi ndipo nilipong'amua kuwa nimekuja kuuliza na ninaulizwa, na kwamba ana haki yake.

Akaniambia na yeye. Yusuf alifiwa na wazazi wake akiwa na miaka tisa, akaletwa kwake na mfuko mmoja wa nguo. Yeye hakuolewa, hakuzaa. Alimlea kwa kazi ya kushona makoti. "Aliposilimu alikuja kunambia mwenyewe, pale ulipokaa," alisema. "Alikuwa anatetemeka. Nikamwambia vua viatu, chakula kinapoa. Mpaka leo hajapitisha Jumapili bila kunipigia." Ukoo wao wa pale umekwisha, amebaki yeye na Yusuf.

Hapo nikasema ya kwangu, ambayo hata nyinyi wa barzani wengine hamyajui. Tuliporudi Oman kutoka Unguja, mie kijana, Kiarabu changu cha kuvunjika, watu walituita Wazinjibari na shughuli ikaisha hapo. Nilipotaka kuoa, watu wa mke wangu walituma mtu mpaka bilad yetu kuniuliza. Hakuna aliyenijua. Wangenijuaje, babu yangu aliondoka pale kijana. Lakini mzee mmoja, sikuwahi kumwona maishani mwangu, alisema, "Simjui, ila ni wetu. Akikosea njooni kwangu." Kwa neno la mtu yule nimepata mke na watoto wanne. Nilipokwenda kumshukuru, nilikuta ameshakufa.

Bi Jean alimimina chai. Akaniuliza siku yenyewe ya posa inakuwaje. Nikamweleza: mwanamme anakuja na watu wake, wanakaa upande wao, sisi upande wetu. Kahawa inamiminwa. Mkubwa wao anakiweka kikombe chini, hakinywi, mpaka asikie jibu. Akiambiwa anywe, basi wamepewa.

"Na mkubwa wa Yusuf siku hiyo ni nani?" aliuliza. "Daktari wangu kanikataza ndege."

Nikatazama zulia.

Akakiweka kikombe chake mezani, taratibu, akakisukuma mbali kidogo. "Basi na mimi chai yangu siinywi," alisema, "mpaka unambie nani atakaa na mtoto wangu."

Mvuke ulikuwa unapungua juu ya ile chai. Nilimfikiri kaka, na maneno atakayonisema. Nilimfikiri yule mzee wa bilad yetu.

"Kunywa chai yako, Bi Jean," nikamwambia.

Hail, Ijumaa baada ya alasiri

Nilirudi, na kaka hata hakuningoja nivue viatu. "Umewauliza?" Nikamwambia nimewauliza. "Wamesemaje?" Nikamwambia jibu atalipata Ijumaa mbele ya watu, mwite kijana. Alikasirika siku mbili. Mnakumbuka hakuja barzani, mkadhani ana homa.

Ijumaa Yusuf alifika na wenzake wawili wa Rusayl, vijana kama yeye, kanzu zao mpya zina mikunjo ya dukani. Wakakaa upande ule wa majlis, watatu peke yao kwenye ukuta mzima. Upande wetu tulijaa. Mie nilikuwa kwenye nafasi yangu, kulia kwa kaka, ninapokaa siku zote.

Nikainuka. Nilivuka zulia lile, na nakwambieni ni refu kuliko kilima cha kondoo, nikakaa mbele ya Yusuf, nafasi ya mkubwa wao. Kaka alinitazama kama haijui sura yangu. Kahawa ikaletwa. Nikapokea kikombe, nikakiweka chini.

"Kaka Hemed," nikasema, "tumekuja kukuomba binti yako Asya, umuoze kijana wetu Yusuf."

Nilimsikia Yusuf nyuma yangu anavuta pumzi.

"Nyinyi ni watu wa wapi?" aliuliza kaka. Sauti yake ngumu, lakini aliuliza kama inavyoulizwa.

"Sisi asili yetu ni ngome moja mpakani," nikamjibu. "Tuliiba ng'ombe, sikufichi, na wao wakatuibia. Tukafukuzwa. Wengine wakaenda Ireland, wengine Kanada na Australia, wengine tukateremka Carlisle. Ngome yetu leo wanalala kondoo, nimeiona kwa macho yangu. Tuna bibi mmoja, kamlea huyu kwa sindano tangu ana miaka tisa, na amana yake mie nimeipokea. Hatupo pamoja, kaka. Kama nyinyi."

Kaka alitazama chini. Kidole chake kilikuwa kinafuata ua la zulia. "Na kesho akimkosea mtoto wangu," alisema polepole, "nimshitakie nani?"

"Mie," nikamwambia. "Nyumba ya tatu kutoka kwako."

Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kilemba, hakuficha, mbele ya watu wote.

"Kunywa kahawa yako, Nassor," alisema. "Inapoa."

Mzee wa maktaba tumeshamwandikia achome pini yake. Lakini siku ile, kabla watu hawajainuka, Yusuf alimpigia shangazi yake. Hajasema hata neno, bibi akamkata. Yusuf akanipa mie simu, maana swali la bibi lilikuwa kwangu.

"Umeinywa?" aliniuliza Bi Jean.

"Vikombe vitatu," nikamwambia.

Nikasikia upande wa pili kikombe kinawekwa mezani, kitupu.